Neno Refu Lenye Kwale Ndani Yake

Kijiwe chetu cha Mwabungo, pale njia ya mchanga inapokutana na lami, hakina mti wala paa la maana. Kina ubao. Na ubao wenyewe, tukisema kweli, ni kaunta ya baa. Hoteli moja ya huko Diani ilipofungwa na vyombo vyake kupigwa mnada, Abdurahman muuza kahawa alikwenda kutafuta sufuria akarudi na kaunta, mvule mtupu, urefu wa watu sita. Tuliiosha mara saba, mojawapo kwa mchanga, tukaigeuza juu chini, na tangu hapo tunaikalia wala haijapata kumlevya mtu, ingawa mpita njia akisikiza mazungumzo yetu anaweza kuwa na shaka. Kijiwe kina sheria moja tu: karatasi yoyote yenye Kiingereza inayoingia mtaani lazima kwanza iwekwe juu ya ubao, na haitiwi mkono mpaka ikae vikombe vitatu vya kahawa.

Sheria hiyo aliileta Boga, ambaye sisi humwita Stempu. Mwaka wa themanini na saba, Boga akiwa na miaka tisa, alifuatana na baba yake hadi ofisi moja mjini akamshikia kikopo cha wino. Baba alibonyeza dole gumba kwenye karatasi kubwa, akapewa karatasi ndogo, wakarudi nyumbani. Mwaka uliofuata shamba lao la upande wa bahari lilizungushiwa ua, na ua huo umo mpaka leo, siku hizi una kamera. Baba alikufa. Ile karatasi ndogo Boga hutembea nayo kwenye mfuko wa shati, pamoja na kitambulisho chake, ndani ya nailoni, imekunjwa mara nne, kichwa chake tu ndicho kinachoonekana. Mtu akitaja kutia sahihi, Boga huitoa akaiinua juu kama refa anavyotoa kadi, kisha huirudisha mfukoni. Hakuna aliyewahi kuishika.

Alhamisi hiyo tulikuwa watano. Mbali na Boga na mimi na Abdurahman mwenye dele lake la kahawa, alikuwapo Kheri, ambaye ni Wakili kwa sababu aliwahi kuwa shahidi katika kesi iliyoahirishwa mara kumi na moja. Na Abdulrahim, aliyelinda lango la hoteli moja ya mbali kwa miaka kumi na miwili akizungumza na simu ya upepo, hata sasa hawezi kumaliza jambo bila kusema «ova». Fondo alifika baadaye kidogo na kutufanya sita. Fondo ni wa Mkongani, huteremka na mbuzi kila Alhamisi, na jina lake ni Setelaiti, maana hakuna kitu duniani asichokiona kutoka juu.

Adhuhuri ilikuwa imeshasaliwa pale Esha muuza samaki alipokuja na karai tupu kwapani na fomu mkononi.

— Shikamooni.

— Marahaba, tukajibu, na macho yetu yote yakaenda kwenye fomu.

Esha akaiweka juu ya ubao bila kuambiwa. Anaijua sheria. Akatueleza kwamba ofisi ya wadi ina shindano la Wiki ya Kusoma. Anayetaka kushinda atafute neno moja la Kiingereza, lisilopungua herufi kumi na tano, lenye ndani yake herufi zote za Kwale, yaani K, W, A, L na E, kwa mpangilio wowote. Fomu itiwe kwenye sanduku kabla ya saa kumi leo. Zawadi ni friza, mpya, bado iko kwenye boksi lake. Ameiona kwa macho yake kwenye korido ya ofisi, na karani ameegemeza baiskeli yake juu yake.

Abdurahman akamimina kikombe cha kwanza. Hivyo ndivyo saa ya karatasi huanza.

— Friza kwa neno, akasema Kheri taratibu. Neno moja.

— Moja, ami.

— Na wao hawana kamusi huko ofisini?

Hapo shaka ikapata mahali pa kukaa. Kheri akaivuta fomu karibu bila kuigusa, kwa ncha ya ufunguo, akaisoma. Fomu ile ya kupatia friza ilikuwa na masharti mengi kuliko ya kuoa. Jina la mshiriki. Namba ya kitambulisho. Neno. Kisha shahidi: awe na umri wa miaka arubaini na zaidi, awe jirani wa mshiriki kwa miaka isiyopungua kumi, awe na kitambulisho, asiwe ndugu yake, na asiwe naye pia anashindana.

Kheri akauliza neno linahitaji kitambulisho cha nini. Neno halina uraia. Akafafanua, kwa sauti yake ile ya mahakamani, kwamba hila iko wazi: Mswahili anaandika neno refu asilolijua maana, anaweka namba yake, analeta shahidi. Kesho unaambiwa neno lile maana yake ni «nimekubali». Umekubali nini, utaambiwa keshokutwa.

— Wahenga walisema, akamalizia, mgeni njoo mwenyeji apone. Hiyo ndiyo friza. Wewe njoo, lakini angalia ni nani anayepona.

Esha alikuwa amesimama wakati wote huo. Akaweka karai chini, akakaa juu yake.

— Ami Kheri, Jumatatu umeme ulikatika kule ninakochukua barafu. Nilikuwa na samaki wa changu karai zima. Hadi alasiri nilikuwa nampa kila anayepita, na watu wanaogopa samaki wa bure. Magharibi niliwazika nyuma ya nyumba. Nilichimba mwenyewe. Mimi nataka neno. Hayo mengine mtayajadili nikiwa na neno.

Hilo liliwatuliza kwa muda, na kijiwe kikaanza kutafuta. Abdulrahim alikuwa wa kwanza. Alifunga macho, akapeleka mkono mdomoni kama aliyeshika ile simu yake ya zamani, akasema «walkie-talkie». Tukaandika mchangani. K ipo, tena mbili. W ipo. A, L, E, zote zimo. Abdulrahim akafumbua macho akiwa mtu mwingine. Tukahesabu: kumi na mbili.

— Hesabuni na kistari, akasema.

— Kistari si herufi.

— Mimi nimefanya kazi na kitu hicho miaka kumi na miwili, na hakikupata kufanya kazi bila kistari. Ova.

Kheri akatuma mtu nyumbani kuchukua kamusi yake. Kamusi hiyo ni kubwa na ya heshima, ila inaanzia kwenye D, kwa sababu A, B na C zilikwisha kwa kufungia kashata zamani kabla Kheri hajajua thamani yake, na mfungaji wa kashata, Abdurahman, hupenda kutazama pembeni inapotajwa. Kheri akaifungua kwenye K, kwa hoja kwamba mwizi huanza kutafutwa nyumbani kwake, na mara akaweka kidole: «knowledgeable». Mwenye maarifa. Herufi tano zote zimo. Akaanza kuhesabu kwa sauti, na mimi nikaanza kutokwa na jasho, kwa sababu ambayo haikuwa jua. Zikatoka kumi na tatu.

— Na huyu mbona kimya? Fondo ndiye aliyesema hivyo. Alikuwa amefika na kufunga mbuzi wake kwenye nguzo ya taa, na alikuwa akinitazama mimi, ambaye hapa kijiweni huitwa Mwandishi. Mwandishi mzima, akaongeza. Mficha uchi hazai.

Nikamjibu kwamba umri wangu wa kuzaa umepita. Akacheka, lakini hakuacha kunitazama.

Ukweli ni kwamba mfukoni nilikuwa na fomu yangu, tangu Jumanne. Neno langu lilikuwa hilo hilo la Kheri. Nilikuwa nimelihesabu mara mbili nyumbani na mara zote mbili nilipata kumi na tano, kwa sababu nilitaka zifike kumi na tano. Sina samaki. Nilitaka tu maji baridi. Basi nikainamia kikombe changu, na nikajua, pamoja na kila kitu kingine, kwamba mimi siwezi kuwa shahidi wa Esha.

Kikombe cha pili kilikwenda kwa Abdulrahim, aliyekuwa bado anauguza kistari. Akasema Kheri ameona vizuri ila kwa karibu mno. Hotelini kwao, meneja mmoja aliondoka kwa hasira akiwa peke yake anayejua neno la siri la kompyuta, na kwa wiki mbili wageni waliandikwa kwenye daftari la dobi. Sasa neno la siri lina sharti gani? Liwe refu, na liwe na herufi fulani ndani yake. Nani asiyejua hilo. Basi kuna karani mahali fulani, kwenye ofisi ya kumbukumbu za mashamba, amestaafu na neno lake. Yumo kijijini kwao anakula ugali. Wakubwa wanakumbuka tu kwamba lilikuwa refu, la Kiingereza, na lilikuwa na Kwale ndani yake. Kwa hiyo wanafanya nini?

— Wanatutafutisha sisi, akasema Kheri, akiwa amependezwa kinyume na matakwa yake.

— Kaunti nzima, kwa friza moja. Atakayelipata atakuwa amefungua faili za mashamba yote, na yeye amekalia boksi nyumbani anagandisha dagaa. Haba na haba hujaza kibaba: herufi moja, herufi moja, mara shamba limekwenda. Ova.

Boga akapeleka mkono kwenye mfuko wa shati. Lakini hakutoa kitu. Alikuwa akisubiri kikombe cha tatu.

Esha aliuliza saa. Ilikuwa tisa kasoro robo.

Kikombe cha tatu kilikuwa cha Fondo, na Fondo hakukinywa. Alikishika tu, ili kisipoe kabla ya hoja. Akauliza kama tumewahi kuona kule kwenye miji mikubwa herufi zilizosimamishwa juu ya kilima, herufi moja kama nyumba, mtu anazisoma akiwa kwenye ndege. Tukasema tumeona kwenye picha. Akauliza herufi moja kama ile inakaa kwenye ardhi kiasi gani. Hakuna aliyejua. Yeye alijua: ekari moja, na nusu ekari ya kupumulia.

— Sasa jiulizeni kwa nini wanataka neno refu. Kwa nini si «sea». Kwa nini si «sun». Herufi tatu zingewatosha watalii. Wanataka kumi na tano, na kuendelea. Neno kama hilo ukilianzia Galu, herufi ya mwisho inasimama Msambweni. Halafu ukienda kulalamika wanakutolea fomu: mbona ni nyinyi wenyewe mliochagua neno, na mliambiwa mkipenda hata mrefushe.

Nadharia ya Fondo ilikuwa ya kipumbavu kuliko zote tatu, na ndiyo iliyotugusa, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa ameshaanza kujiuliza nyumba yake itaangukia herufi gani. Abdurahman, mtu wa watu, alisema yeye angependa O, kuna nafasi katikati.

Ndipo Boga akaitoa.

— Usipoziba ufa utajenga ukuta, akasema. Na sisi ukuta wetu umeshajengwa, tena na wengine. Akaiinua ile nailoni juu, kama siku zote, akaongeza: Baba yangu naye aliambiwa ni karatasi tu.

Akaanza kuirudisha.

— Ami Boga, akasema Esha. Usirudishe kwanza.

Alikuwa amesimama, shingo mbele, midomo inacheza. Alikuwa anahesabu kwa vidole. Vidole vya mikono viliisha. Akavua kandambili akaendelea na vya mguu wa kulia, na alipofika kidole cha mwisho, neno nalo likaisha.

— Kumi na tano, akasema.

Hakuna aliyeelewa. Ilibidi aandike mchangani, polepole, akinakili kutoka kwenye nailoni iliyokuwa ingali hewani, maana Boga alikuwa amesahau kushusha mkono. ACKNOWLEDGEMENT. Kwa herufi kubwa, kama lilivyochapwa juu ya karatasi ile tangu kabla Esha hajazaliwa. Tukagawana kazi: Kheri akaitafuta K akaipata, Abdulrahim akaipata W, Abdurahman A, Fondo L. Mimi nilipewa E, na zilikuwa tatu.

Kheri akaeleza kwamba neno hilo ni la kusema tumepokea: umeleta kitu, nao wanakiri kwamba kimewafika. Alipokuwa akieleza, mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye pochi yake, akatoa karatasi aliyopewa alipopoteza kitambulisho, mwaka na miezi miwili iliyopita, ambayo ndiyo anayotembelea. Neno lilikuwa limekaa juu. Abdurahman akakumbuka analo kwenye leseni anayoisubiri. Mimi ninalo kwenye droo, la mita ya maji. Hakuna nyumba kati ya Ukunda na Msambweni isiyo na neno hilo ndani. Ndiyo karatasi ambayo mtu hupewa badala ya kile alichokifuata. Na katika vikombe vitatu hakuna aliyelikumbuka, kwa maana karatasi hiyo haisomwi, hukunjwa.

Esha alikuwa ameshaliandika kwenye fomu. Vikombe vitatu vilikuwa vimekwisha. Sheria ilikuwa upande wake. Akageuza fomu ikawaelekea wanaume.

— Shahidi, akasema.

Hapo ndipo tulipopungua. Kheri hana kitambulisho, ana hilo neno. Abdulrahim ametoka Vanga, ana miaka minne tu hapa. Fondo si jirani ila wa mbuzi wake. Abdurahman ni kaka wa mama yake Esha. Nami nikasema, kwa sauti ambayo nilitarajia isisikike, kwamba mimi nina fomu yangu. Fondo alipiga goti lake mara moja, kwa ridhaa kubwa. Akabaki Boga.

— Hapana, akasema Boga.

— Ami.

— Mwanangu, ningekushuhudia kwa jambo lolote. Ukitaka nishuhudie ndoa yako, nakuja na kanzu. Lakini karatasi sijaitia mkono tangu siku ile, hata ya shule za watoto mama yao ndiye aliyetia. Na hiyo yako si karatasi tu. Neno lenyewe ni lile lile. Hulioni?

— Naliona.

— Ndilo lililochukua shamba.

Esha hakubishana naye. Alisema tu kwamba saa imefika tisa na nusu. Alisema pia kwamba leo asubuhi hakununua samaki kabisa, karai lile ni tupu tangu nyumbani, amekuja nalo kwa mazoea tu. Hakuthubutu kununua bila kujua atawaweka wapi.

— Na kesho? Boga akauliza.

— Kesho sijui, ami.

Boga alitazama karai. Alitazama maandishi ya mchangani, ambayo mbuzi mmoja wa Fondo alikuwa ameanza kuyakanyaga kuanzia mwisho. Nadhani alikaa hivyo kwa muda wa kikombe kizima, na kwa mara ya kwanza Abdurahman hakummiminia mtu.

— Lilinichukulia, akasema hatimaye. Haya. Tuone kama linajua kurudisha.

Kheri akampa kalamu. Boga akaikataa, kalamu hajui, na anachojua ni dole gumba, kama baba yake. Wino haukuwapo. Akainama, akapitisha dole gumba chini ya dele la kahawa, palipojaa masizi ya makaa ya siku zote, na akalibonyeza kwenye fomu ya Esha, kwa nguvu, mpaka ubao ukalia. Kisha akasoma namba ya kitambulisho chake kwa kichwa, Esha akaiandika, na kabla ya wino wa mwisho kukauka alikuwa juu ya bodaboda, leso yake ikipepea nyuma, na karai amelisahau kwetu.

Tulibaki tukimtazama Boga dole. Naye alikuwa akilitazama, amelinyoosha mbali na shati lake. Shaka haikuchukua muda kurudi, na kwa kukosa pengine pa kukaa ikakaa juu yangu. Nilitakiwa nitoe fomu yangu. Niliitoa. Ikawekwa juu ya ubao, na Abdulrahim akauliza ni nani mwingine hapa mwenye lake mfukoni, ova, na nilipoona Kheri ameangalia baharini nikajua kwa nini aliijua njia ya kwenda K kwa haraka vile. Saa kumi ikapita. Abdurahman akasema kahawa imebaki ya mzunguko mmoja, na tangawizi imekwisha kabisa.

Bodaboda mbili zilikuja pamoja. Kwenye ya kwanza alikuwa Esha, na mkononi ana kikaratasi kidogo. Kwenye ya pili alikuwa msichana mmoja mwenye kitambulisho cha kazi shingoni na viatu visivyojua mchanga wetu.

— Habari zenu wazee. Mimi ni Caroline, wa ofisi ya wadi. Natafuta Boga.

Fondo akafumba macho kama mtu aliyesikia dua yake ikijibiwa. Kheri akanong'ona kwamba yeye alishasema. Abdulrahim alisema yeye ndiye aliyesema. Boga alisimama akaficha mkono wa kulia nyuma.

Caroline, maskini, alikuwa na wiki tatu tu tangu atoke bara. Akaeleza kwamba fomu imepokelewa na neno ni sawa kabisa, wamelihesabu ofisi nzima; lakini pale kwa shahidi pana doa jeusi lililochafua fomu nyingine mbili, tena linanuka tangawizi, na mkubwa wake amemtuma athibitishe kama shahidi ni mtu. Kitambulisho tu, akiangalie, basi aende. Kama jina ni sawa, Esha ataingia kwenye kura ya Jumatatu na wengine wawili waliopata.

— Wawili tu? nikauliza.

— Wawili. Wengi wameandika la herufi kumi na tatu.

Boga alimtazama Esha. Esha alikuwa ameweka kile kikaratasi chake juu ya ubao, kwa mazoea, na neno letu lilikuwa limechapwa juu yake, jipya, kwa wino wa bluu.

Basi Boga akatoa nailoni. Kwa miaka yote hiyo ya jasho, kitambulisho kilikuwa kimegandana na ile karatasi ya baba yake, na alipokivuta vikatoka pamoja. Caroline akavipokea kwa mikono miwili, kwa adabu, akavitenganisha kama watu wa ofisi wanavyojua kutenganisha karatasi, kwa ukucha, na ile ndogo ikafunguka mikunjo yake minne kiganjani mwake. Hakuna kati yetu aliyewahi kuiona tumbo. Ilikuwa imechapwa mistari sita.

Akakisoma kitambulisho. Akatikisa kichwa kwamba ni sawa. Kisha, kwa sababu ilikuwa mkononi mwake na kazi yake ni kusoma, akaisoma na ile nyingine.

— Hii ni ya lini, baba? Themanini na saba?

— Ndiyo.

— Inasema ombi lenu la kuandikishiwa shamba limepokewa. Mngoje siku tisini, halafu mrudi na karatasi hii.

Akaigeuza nyuma. Nyuma hapakuwa na kitu, ila alama ya kidole cha mtoto, nyeusi, pembeni. Akaigeuza tena mbele, akamtazama Boga, akatutazama sote, bila ubaya wowote, kama mtu anayetaka kujua tu.

— Na mlirudi?

Tulimgeukia Fondo, ambaye hukaa na methali kama watu wengine wanavyokaa na funguo, naye alikuwa anawafungua mbuzi wake.

— Tuliitunza, akasema Boga.

Caroline alingoja kidogo, akidhani Boga yuko njiani kufika kwenye jibu. Abdurahman akainua dele kumkaribisha mgeni kikombe, akaliinamisha, akaliinamisha zaidi, na kwenye kikombe likaanguka tone moja lenye machicha.

Esha akanyoosha mkono akachukua kikaratasi chake kutoka juu ya ubao. Hakikuwa kimekaa hata kikombe kimoja. Akakifunga kwenye pindo la leso, mafundo mawili, akaokota karai lake, na akamuuliza Caroline yake yeye inasema arudi saa ngapi.

— Jumatatu. Saa mbili asubuhi.

Boga alikuwa amerudishiwa karatasi yake, wazi, na hakuwa ameikunja. Alikuwa ameishika kwa mkono wa kushoto ili ule wa masizi usiiguse. Akamuuliza Esha, kwa sauti ndogo ambayo kijiwe hakikuizoea kwake, Jumatatu atapita njia hii saa ngapi.